Cha Mvunguni mwa Bahari

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha, tukaipambanua maana ya juu na maana ya batini, kisha tukaiacha ilale madaftarini. Ni wachache kati yetu waliopata kuinama kwelikweli. Makala haya yanahusu kuinama kwa namna hiyo, si mvunguni mwa kitanda bali mvunguni mwa bahari, ambako viumbe wadogo kuliko kidole huishi katika mchanga na tope. Yanahusu pia swali la lugha lililoibuka pamoja nami kutoka majini, nalo nalitaja mapema ili msomaji asidhani anasimuliwa habari za starehe: je, kiumbe ambaye hana jina katika lugha yetu tunaweza kumwona?

Watu wengi wasikiapo habari za kuzamia baharini hujenga taswira ya miamba ya matumbawe iliyopambwa kwa rangi, kasa wanaopita kwa utulivu na makundi ya samaki yanayogeuka kwa pamoja kama askari wa gwaride. Taswira hiyo si ya uongo. Aliyefika Watamu au Kisite ameiona kwa macho yake. Lakini upo uzamiaji wa namna ya pili usiokuwa na fahari hizo. Mzamiaji wa namna hii huyapa matumbawe kisogo akaelekea kwa makusudi mahali penye mchanga, tope, majani yaliyooza, vifuu vya nazi na hata chupa zilizotupwa. Jina la Kiingereza la uzamiaji huu limetokana na neno lenye maana ya samadi au uchafu, na anayetajwa sana kuwa ndiye aliyelieneza ni Bob Halstead, mzamiaji aliyekuwa akifanya kazi Papua New Guinea katika miaka ya 1980. Mimi nitauita uzamiaji wa topeni.

Huenda msomaji akauliza: topeni kuna nini? Jibu linatokana na hali ya mahali penyewe. Kwenye matumbawe kuna mapango na mianya; mnyonge akifukuzwa hupata pa kukimbilia. Kwenye mchanga hakuna ukuta wala mlango. Kiumbe aishiye hapo hana budi kujitafutia stara yake: ama ajizike, ama ajifananishe na kitu kisicholiwa, ama abebe sumu, ama afunge urafiki na mwenziwe wa kumlinda. Kwa hivyo mahali tunapopaita patupu ndipo penye hila nyingi za kuishi.

Mfano mmoja watosha. Pweza wa kawaida alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1797. Pweza mwigaji, ambaye hujikunja akafanana na samaki bapa, au akanyoosha mikono miwili akafanana na nyoka wa baharini, aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1998 karibu na Sulawesi, nchini Indonesia, na jina lake la kisayansi likatangazwa mwaka 2005. Kati ya majina hayo mawili imepita zaidi ya karne mbili. Pweza huyo hakuwa amejificha katika vina visivyofikika. Alikuwa katika maji mafupi, karibu na midomo ya mito, mahali ambapo hakuna mtaalamu aliyeona haja ya kuchungulia. Huenda wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote, ila hakuna aliyewauliza.

Mwaka 2023 nilipata nafasi ya kuhudhuria mafunzo ya miezi mitatu kuhusu uhifadhi wa lugha za jamii ndogo, katika mji wa Dumaguete, kwenye kisiwa cha Negros nchini Ufilipino. Dumaguete ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Silliman kilichoko hapo kilianzishwa mwaka 1901. Kilomita zipatazo 15 kusini mwa mji huo ndiko kuliko Dauin, manispaa ya wavuvi na wakulima iliyokaa kati ya bahari na Mlima Talinis. Mlima huo ni volkano iliyolala, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,900, nao ndio uliowapa watu wa Dauin mchanga wao. Mchanga wenyewe ni mweusi kama masizi. Mgeni aliyezoea fuo nyeupe za Diani, kama nilivyozizoea mimi mzaliwa wa pwani ya kusini ya Kenya, huutazama kwa mara ya kwanza akadhani pana moto uliozimwa jana.

Mkabala na Dauin, baharini, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Apo. Katika miaka ya 1980 wakazi wa kisiwa hicho, wakishirikiana na wanasayansi wa Silliman walioongozwa na Angel Alcala, walitenga sehemu ya bahari yao isivuliwe kamwe. Samaki waliongezeka ndani ya eneo hilo, na wavuvi wakapata nafuu nje yake. Alcala alifariki mwaka 2023, mwaka uleule niliofika mimi, na jina lake lilikuwa bado midomoni mwa watu. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza tabia ya watu wa pwani ile. Tufani zilizopiga mwaka 2011 na mwaka 2012 ziliyavunjavunja matumbawe ya hifadhi ya Apo. Tufani nyingine kubwa ikaja Desemba 2021. Watu hawakusema bahari imekwisha. Walingoja, wakalinda kilichobaki. Ufuoni mwa Dauin penyewe pametengwa hifadhi ndogondogo za namna hiyo, na mzamiaji hulipa ada kabla ya kutia mguu majini.

Dauin pafaa sana kwa anayeanza. Kwanza, mteremko huanzia ufuoni, hivyo mtu aweza kuingia baharini akitembea kwa miguu yake, pasipo kurukia kilindini kutoka mashuani. Pili, viumbe wengi wanaotafutwa huonekana kati ya mita 5 na mita 18, na mita 18 ndizo kikomo cha mwanafunzi aliyehitimu ngazi ya kwanza ya uzamiaji. Tatu, mkondo wa maji mara nyingi huwa mpole, na maji yenyewe yana joto la nyuzi zipatazo 28. Nilijifunza hapo kwa siku za mwisho wa juma, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi nikaruhusiwa kushuka na mwongozaji.

Hata hivyo, wepesi huo una masharti yake. Sharti la kwanza ni kwamba mzamiaji asizuie pumzi hata kidogo, kwa kuwa hewa iliyo mapafuni hutanuka anapopanda juu na yaweza kumpasua. Sharti la pili ni kuyasawazisha masikio mapema, kabla hayajauma, maana katika kina cha mita 10 tu shinikizo huwa limekuwa maradufu ya lile la juu ya maji. Sharti la tatu, ambalo ndilo roho ya uzamiaji wa topeni, ni kujimudu katika kuelea. Mwili usizame ukagusa chini, wala usipae. Mzamiaji huning'inia kiasi cha urefu wa mkono juu ya mchanga, kichwa chini kidogo, miguu juu kidogo, akipiga mapezi yake taratibu mithili ya chura. Teke moja la pupa huinua wingu la vumbi la maji, na wingu hilo likishainuka, hakuna wa kuona kitu kwa dakika kadhaa, awe ni mwenye teke au wenzake. Hapo ndipo nilipoielewa upya ile kauli ya haraka haraka haina baraka.

Wahenga walisema pia kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Kule Dauin mwenye macho aliambiwa tazama, akatazama, asione kitu. Mwongozaji wangu alikuwa kijana wa makamo, mwana wa mvuvi wa hapohapo kijijini. Nilimwita kuya, yaani kaka, kwa kuwa ndivyo wenyeji wamwitavyo mwanamume aliyewazidi umri kidogo. Tuliingia saa mbili asubuhi. Mita saba chini ya maji alisimama, akaielekeza fimbo yake nyembamba ya chuma mchangani pasipo kugusa. Nilitazama ilipoelekea. Palikuwa na mchanga mweusi, jani la mnazi, na mchanga mweusi tena. Alingoja. Hakuisogeza fimbo, wala hakunihimiza. Baadaye mchanga mmoja ukafumbua jicho.

Alikuwa samaki mwembamba wa urefu wa kidole, amesimama mlangoni mwa shimo. Kutoka ndani ya shimo hilo akatokea kamba mdogo, akisukuma kokoto na mchanga mbele yake kama tingatinga. Akamwaga, akarudi, akatoka tena. Kamba huyo haoni vizuri. Basi kila atokapo huiweka papasi yake moja juu ya mwili wa samaki, mithili ya kipofu aliyemshika mwenziwe begani. Samaki akiona hatari hutikisa mkia, na kamba hujitoma shimoni papo hapo. Hatari ikizidi, samaki naye humfuata. Mmoja ana macho lakini hajui kuchimba; mwingine ana nguvu za kuchimba lakini hana macho. Nilikaa nao kwa muda wa dakika kumi nzima, nikihesabu mara ambazo ile papasi ilimpapasa samaki. Kidole kimoja hakivunji chawa, husema Waswahili, na sidhani kama nimewahi kuiona methali hiyo ikitendeka kwa usahihi kiasi hicho.

Baada yao nilionyeshwa kile nilichokidhania kuwa sifongo iliyoota kwenye tairi kuukuu. Sifongo hiyo ilikuwa na mdomo. Alikuwa samaki mnene asiye na haraka, mwenye mapezi kama viganja vya mkono ambayo huyatumia kutembea badala ya kuogelea. Juu ya kipaji cha uso wake mliota kijiti chembamba chenye kinofu nchani, naye alikitikisa kinofu hicho mbele ya mdomo wake. Samaki mdogo akikikaribia, akidhani ni mnyoo, hufyonzwa kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Naam, samaki huyu ni mvuvi mwenye ndoana yake, chambo chake na subira yake.

Siku za baadaye ziliniletea wengine. Niliwaona dome wa urefu wa kidole gumba, wakitembea mchangani kwa mikono yao huku rangi za zambarau, manjano na nyeupe zikipita mwilini mwao kama mawimbi. Dome huyu hutaga mayai yake chini ya vifuu vya nazi. Nilimwona pia pweza ambaye hukusanya vifuu viwili, akajiweka ndani, kisha akavifunga kama mtu afungaye mlango. Uchunguzi wa wanasayansi uliochapishwa mwaka 2009 ulieleza jinsi pweza wa aina hii nchini Indonesia wanavyovibeba vifuu kwa safari, wakivihifadhi kwa matumizi ya baadaye. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, tulifundishwa. Kumbe ndani ya bahari nako kifuu ni nyumba, ni ngome, na ni mzigo wa msafiri.

Wa mwisho ninayetaka kumtaja ndiye aliyenisumbua zaidi. Ni jamii ya konokono waliolitupa kombe lao. Wengi hawazidi urefu wa ukucha, na wanasayansi wamekwisha kutambua zaidi ya aina 3,000 za jamii hiyo. Matamvua yao, yaani viungo vyao vya kupumulia, hayakufichwa ndani bali yamechanua mgongoni kama ua. Baadhi yao hula viumbe wenye kuwasha, kisha wakazihifadhi silaha za kuwasha za mlo wao ndani ya miili yao wenyewe ili wajilindie. Juu ya unyasi mmoja wa bahari niliwahesabu watano, weupe wenye pindo la machungwa, wakila taratibu. Nilipomulika kwa kurunzi rangi zao ziliwaka. Bila kurunzi hawakuwa kitu, kwani maji huimeza rangi nyekundu na jamaa zake kadiri mtu anavyoshuka.

Jioni, kama ilivyo desturi ya wazamiaji, kila mtu huandika daftarini alichokiona: mahali, kina, muda na viumbe. Mimi niliazimia kuandika kwa Kiswahili. Orodha yangu ilianza vyema. Pweza nilikuwa naye, ngisi nilikuwa naye, dome pia. Taa, mkunga, kaa, jongoo wa pwani, bunju. Wote waliingia bila kubisha hodi. Nilipofika kwa yule kiumbe wa mikono mitano anayelala mchangani, niliandika kiti cha pweza kwa furaha, kwani hata sayansi yenyewe haijawahi kumpa jina tamu kama hilo. Halafu kalamu ikasimama. Yule mvuvi wa kwenye tairi aitwe nani? Na yule samaki mlinzi? Na wale wenye matamvua mgongoni?

Nikamwendea kuya, nikamwuliza anawaitaje kwa Kibisaya, lugha ya mamake. Ngisi ni nukos, alisema, na pweza ni kugita. Kwa wengine alinitajia majina ya Kiingereza aliyojifunza kwa wazamiaji wa kigeni. Akacheka kidogo, akaniambia kuwa kwao kuna majina ya aina mbili: jina la chunguni na jina la mgeni. Kilichoingia chunguni kilipewa jina na bibi zake. Kilichobaki kilikaa bila jina hadi mgeni alipokuja na kamera.

Kauli hiyo ilinifanya nimpigie simu bibi yangu mzaa mama, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa akichokoa pweza mwambani karibu na Gazi. Huku ilikuwa saa tatu usiku, na kwetu ilikuwa saa kumi alasiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huko uliko wakulisha?"

"Wananilisha, bibi. Wali na samaki kila siku."

"Basi hujatoka kwenu."

Nikamweleza habari za wale viumbe wenye pindo, nikamwuliza wanaitwaje.

"Waliwa?"

"Hawaliwi, bibi."

"Wauma?"

"Hata."

"Wauzwa?"

"Hawauzwi."

"Sasa jina wapewe na nani, na wao hawana kazi na mtu?" Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Lakini tukiwaona. Maji ya bamvua yakipwa sana, penye majani, mlikuwa na vidude vina pindo kama leso. Sisi wasichana tukiwaita mabiarusi. Lakini hilo si jina, mjukuu wangu, ni mchezo wa watoto."

Nililiandika jina hilo na tarehe, na mahali, na umri wa msemaji. Bibi alinieleza zaidi usiku huo kuliko alivyowahi kunieleza: namna ya kulitambua shimo la pweza kwa makombe yaliyotupwa mlangoni, namna ya kujua kama mwenye nyumba yumo au ametoka, na kwa nini wasichana walikatazwa kutia mkono mahali wasipoona. Nilipomwuliza ni nani kati ya wale wenzake angeweza kuyakumbuka majina mengine, alinitajia wanne. Watatu wamekwisha kufariki. Wajukuu wa yule wa nne hawashuki mwambani.

Hapa ndipo ninapopenda wasomaji wa jarida hili, wanafunzi kwa walimu, tusimame pamoja. Katika darasa la istilahi tumefundishwa njia za kuyapata maneno mapya: kukopa, kutohoa, kuunganisha, kuambatisha viambishi, kupanua maana ya neno lililopo. Njia hizo zote ni halali. Kwa yule konokono asiye na kombe naweza kupendekeza koa bahari, kwa kuwa koa wa nchi kavu tunamjua. Jina hilo lina faida ya kumweka mnyama katika ukoo wake, ila linayaacha yale matamvua, na linambebesha dharau ya koa anayetambaa ukutani wakati wa masika. Naweza pia kumwita koa matamvua-wazi, nikawa nimemkaribia mwanasayansi, maana jina lao la kitaalamu lina maana ya matamvua yaliyo uchi. Mwanafunzi wa shule ya upili ataelewa, ila hatalipenda. Kisha kuna biarusi. Hilo halisemi lolote kuhusu ukoo, na halitofautishi aina moja na nyingine miongoni mwa hizo 3,000. Lakini aliyelibuni alikuwa amemtazama mnyama mwenyewe kwa macho yake, ameinama, maji yakiwa kifundoni.

Simaanishi kwamba majina ya wavuvi yatatosha. Majina ya kimapokeo yana matatizo yake, na mfano ulio bora tunao katika methali. Hasira ya mkizi furaha ya mvuvi, twasema. Je, mkizi ni nani? Wapo wanaomfasiri kuwa dome au jamaa yake, na wapo wamwitao mkizi yule samaki wa magamba anayeruka juu ya maji. Mmoja ana mikono kumi, mwingine hana hata mmoja. Maana ya methali hubadilika kulingana na mnyama: dome aliyekasirika hutapika wino, ilhali samaki arukaye huweza kujitupa chomboni mwa mvuvi. Tumeichambua methali hii miaka na mikaka, na ninashuku ni wachache waliokwenda kumtazama mkizi. Sayansi inahitaji jina moja kwa mnyama mmoja, na katika jambo hilo ina haki.

Ninachosema ni kuhusu mpangilio wa kazi. Kuuliza kutangulie, kuunda kufuate. Anayeketi ofisini akaunda istilahi kabla ya kuuliza, hata akiunda kwa ufundi, huenda analizika jina lililo hai. Na jina likishazikwa hatulipotezi peke yake. Bibi aliposema mabiarusi alisema pia kuwa walionekana wakati wa bamvua, penye majani, si penye mchanga. Hayo ni maarifa ya mahali na majira, yamefungwa ndani ya mchezo wa watoto. Mwenye jina la mnyama huwa na habari zake pia. Ukimfukuza mmoja, na mwingine huondoka.

Liko pia jambo la uhifadhi. Mahali tusipopapa majina ya wakazi wake hupaita patupu, na palipoitwa patupu hapana wa kupatetea. Matumbawe yana watetezi, kwa kuwa yana picha nzuri. Kasa wana watetezi, na ndivyo ilivyo kwa nguva. Ni nani atakayesimama kuutetea mchanga wenye tope wa kijito cha Mida au nyasi za bahari za ghuba ya Gazi? Wale vidude wenye umbo la farasi, ambao madume yao ndiyo hubeba mimba, huishi katika nyasi kama hizo. Biashara yao ya kimataifa imewekewa masharti tangu mwaka 2004, baada ya kuvunwa kwa wingi ili wakaushwe wakafanywe dawa na mapambo. Mtoto wa pwani anayewajua kwa jina ataona wakipungua. Asiyewajua ataona nyasi tu.

Nilimwona pweza Dauin akiishi ndani ya chupa, na wapo wageni waliofurahi wakasema kwamba basi takataka zina manufaa. Kuya hakukubaliana nao. Pweza alihamia chupani, alisema, kwa sababu hakupata kombe. Kila tulipotoka majini alikuwa amejaza mfuko wake mifuko ya plastiki na nyuzi za kuvulia, ila chupa alikuwa akiichungulia kwanza, moja baada ya nyingine, kabla ya kuitia mfukoni. Iliyokuwa na mwenyewe aliirudisha mchangani ilikolala.

Si kila mmoja wetu atakayepata kuzamia. Vifaa vya kuzamia ni ghali na mafunzo yana gharama. Lakini pwani yetu ina ukarimu ambao Dauin haina kwa kiasi hicho. Lugha yenyewe inatukumbusha kwamba pwani ni mahali panapopwa: mara mbili kwa siku bahari hujivuta, na wakati wa bamvua huuacha mwamba wazi kwa kitambo cha kutosha mtu kutembea, kuinama na kuchungulia katika vidimbwi. Kinachohitajika ni viatu vigumu, kofia, daftari, na mwenyeji anayepajua. Asiguse asichokijua, maana konokono wenye makombe mazuri ya pia waweza kuua, na katika bahari za mashariki yumo pweza mdogo mwenye pete za buluu ambaye sumu yake ni ileile ya bunju. Akipindua jiwe, alirudishe lilivyokuwa, kwani upande wa chini ndio nyumba ya watu.

Napendekeza basi kwamba chama chetu kiandae safari moja kila mwaka, wakati wa bamvua, tuwafuate mama na bibi wanaochokoa pweza na wazee wanaotega madema. Tusiende kuwafundisha. Tukawaulize: huyu mwamwitaje? Na mlipokuwa watoto mlikuwa mkimwitaje? Swali la pili lisisahaulike, kwa kuwa la kwanza huletea majina ya chunguni peke yake. Tuandike jina, mahali, majira, umri wa msemaji, na tupige picha ya kiumbe ili wenzetu wa idara ya zoolojia watusaidie kumtambua. Tukirejea, tuketi na kamusi, tuone lililomo na lisilomo.

Bibi yangu ana umri wa miaka 81. Mwezi uliopita aliniambia kwamba amekumbuka jina lingine, la yule kaa anayebeba mwiba mgongoni, lakini hakutaka kulisema kwenye simu. Alisema niende, maji ya bamvua yakaribia.